Sanduku la mama na mafundi wa kale wa Ufaransa

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna sanduku kuukuu ambalo kila apitaye hujikwaa na kulilaani, nakuomba usome makala haya kabla hujamwita mwenye mkokoteni aje kulichukua.

Mimi la kwetu nililitoa bure. Lilikuwa sanduku la mbao za mvule ambalo babu, baba yake mama, alimchongea bintiye alipoolewa. Babu alikuwa seremala huko Bungoma, na siku ya harusi sanduku hilo lilibebwa na wanaume wawili, ndani mkiwa na shuka, vikombe na leso. Sisi watoto tulikua tukilikalia na kufanyia kazi za shule juu yake. Wageni wakizidi, mmoja wetu alitandikiwa blanketi juu ya kifuniko akalala. Mara nyingi mtoto huyo alikuwa mimi.

Mama alipofariki, baada ya matanga tuliketi ndugu wanne kugawana vitu vyake. Kaka alichukua baiskeli na redio. Dada yetu mkubwa akachukua vyombo, na kitinda mimba akapewa cherehani. Likabaki sanduku, na kifuniko chake kilikuwa kimepasuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Dada akanitazama.

"Wewe ndiwe uliyelilalia," akasema. "Lichukue."

Nikamjibu kwamba nyumba yangu ya vyumba viwili mtaani Umoja, Nairobi, imejaa, na kwamba ndiyo kwanza tumenunua seti ya sofa kwa mkopo. Nikasema apewe mzee jirani alalishie kuku wake. Dada hakusema neno. Lakini tangu siku hiyo simu zake kwangu zikawa za salamu tu: hujambo, watoto hawajambo, haya kwaheri.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliuacha mbacha wangu mchana kweupe, tena mbele ya mashahidi.

Mwaka wa 2023 nilibahatika kupelekwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, kwa mafunzo ya majuma matatu. Jumamosi moja isiyokuwa na masomo mvua ilinikuta barabarani, nami nikaingia katika jumba la makumbusho lililokuwa karibu. Sikuingia kutafuta elimu, la hasha. Niliingia kujikinga mvua. Jumba hilo huitwa Musée de Cluny, nalo huhifadhi vitu vya Enzi za Kati, yaani ile miaka elfu moja hivi tangu kuanguka kwa dola ya Warumi hadi kufikia karibu mwaka wa 1500. Lilikuwa limefunguliwa upya mwaka uliotangulia baada ya kukarabatiwa.

Nilipita sanamu za watakatifu, nikapita vioo vya rangi vya makanisani, kisha nikasimama ghafla. Mbele yangu palikuwa na sanduku la mbao. Lilikuwa refu na zito, jeusi kwa uzee, lenye kufuli pana la chuma na ufa kwenye ubao. Watu walikuwa wakilizunguka polepole, mikono nyuma, kama waliokwenda kuaga maiti. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka kuku.

Huenda ukajiuliza, msomaji, sanduku lina nini hata liwekewe taa na mlinzi. Nami nilijiuliza. Nikanunua kitabu pale mlangoni, na tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata kuhusu jambo hili.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi twasema fanicha. Mfaransa husema meuble, neno lililotokana na Kilatini na lenye maana ya kitu kinachohamishika. Jengo naye huliita immeuble, kitu kisichohamishika. Kabaila wa Ufaransa wa karne ya 13 au ya 14 hakuwa na makao mamoja. Alikuwa na ngome hapa na mashamba kule, na alihama pamoja na jamaa yake, watumishi wake na farasi wake. Walikula chakula cha mahali pamoja, kisha wakaenda pengine. Walipohama walibeba karibu kila kitu. Mapazia yalishushwa, vyombo vikatiwa masandukuni, na masanduku yakapakiwa juu ya magari na migongoni mwa nyumbu. Nyuma zilibaki kuta tupu.

Kwa hiyo wewe unayehama nyumba jijini mwisho wa mwezi, godoro likiwa juu ya mkokoteni na mtoto amekumbatia televisheni, usijione duni. Wafalme wa Ufaransa nao walihama na virago vyao.

Hata meza ilikuwa ya kuhama. Zilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya miguu iliyosimamishwa kandokando. Chakula kikiisha, mbao ziliegemezwa ukutani, na ukumbi ukawa mahali pa kucheza ngoma au pa kulala. Hadi leo Mfaransa anayetaka meza iandaliwe hutumia neno lenye maana ya kuisimamisha.

Katika maisha kama hayo, mama wa fanicha zote alikuwa sanduku. Mtu alihifadhia nguo, fedha na hati zake humo. Alilikalia mchana, na akikosa kitanda alililalia. La kale kabisa lilikuwa gogo lililochimbwa ndani kama mtumbwi, kisha likatiwa kifuniko. Gogo kwa Kifaransa ni tronc, na kisanduku cha sadaka kanisani hadi leo huitwa tronc.

Baadaye mafundi walipasua mbao, wakazipigilia misumari pande zote sita. Lakini mbao zilizopigiliwa misumari hulegea, tena hazimsumbui mwizi. Basi katika karne ya 12 na ya 13 mhunzi aliitwa kumsaidia seremala, akalizungushia sanduku mikanda ya chuma. Mwanzoni mikanda hiyo ilikuwa ya kutia nguvu tu. Halafu wahunzi wakaanza kuipasua ncha na kuikunja, ikawa kama mizabibu na majani yanayotambaa, hata ubao wenyewe ukawa hauonekani sana. Bawaba za namna hiyo katika milango ya kanisa kuu la Notre-Dame jijini Paris ziliwastaajabisha watu kiasi cha kuzua hadithi kwamba mhunzi wake, waliyemwita Biscornet, alisaidiwa na Shetani.

Palipokosekana chuma, rangi ilitumika. Ubao wenye viungo visivyopendeza ulifunikwa kwa kitambaa au ngozi, ukapakwa plasta nyeupe laini, kisha ukachorwa. Mtawa mmoja wa karne ya 12 aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha ufundi, na humo akaeleza jinsi ya kuunganisha mbao kwa gundi ya jibini na chokaa. Ikikauka, akasema, haiachii kwa unyevu wala kwa joto.

Kabati zilikuwa chache, na aghalabu zilikuwa za makanisa. Lile la nyumba ya watawa ya Obazine, kusini mwa nchi, ni miongoni mwa makongwe zaidi yaliyosalia Ufaransa. Ni mbao nene za mwaloni, na ubavuni zimechongwa matao madogo juu ya vinguzo, kama ukuta wa kanisa. La kanisa kuu la Noyon nalo lilichorwa watakatifu nje ya milango, na ndani malaika wakipiga ala za muziki. Haya yote yaliandikwa na kuchorwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc katika kamusi yake ya fanicha za Kifaransa, ambayo alianza kuichapisha mwaka wa 1858 na ambayo ilifikia majuzuu sita.

Jambo moja nitalitaja hapa kwa sababu linatuhusu sisi. Karne ya 14 mafundi wa Paris walichonga visanduku vidogo vya pembe za ndovu, vya kuwekea vito vya mabibi. Juu yake utaona ngome, mabibi wakirusha maua kutoka juu, na mashujaa wakipanda ngazi kuwateka. Wataalamu kadhaa wa historia wanaamini kwamba sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Afrika Mashariki, ikapitia Bahari ya Shamu na Misri hadi Ulaya. Huenda basi ndovu aliyeanguka nyikani kwetu ndiye aliyefungiwa pete ya bibi harusi wa Paris.

Na viti je? Viti vilikuwa haba mno. Katika ukumbi mzima huenda kikawa kimoja, chenye mgongo mrefu, nacho ni cha mwenye nyumba. Wengine walikalia mabenchi, stuli na masanduku. Hata kiti cha mfalme kiliweza kuwa cha safari. Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kuna kiti cha shaba nyeusi kinachoitwa cha mfalme Dagobert, ambacho asili yake kilikuwa stuli ya kukunjwa. Abate Suger alikitengeneza upya karne ya 12, na mwaka wa 1804 Napoleon alikikalia huko Boulogne alipokuwa akigawa nishani. Neno fauteuil, ambalo Mfaransa wa leo huitia kiti chake cha kujinyoosha sebuleni, lilitoka katika neno la kale la stuli ya kukunjwa.

Halafu likaja kabati la kuonyeshea vyombo, lililoitwa dressoir. Hapo, msomaji, ndipo nilipojiona mimi mwenyewe. Vyombo vya fedha vilipangwa juu yake ili wageni wavione, na idadi ya rafu ilikuwa cheo. Bibi mmoja wa ikulu ya Burgundy, Aliénor de Poitiers, aliandika kanuni hizo karne ya 15. Malkia alikuwa na haki ya rafu tano. Binti wa nasaba ya kifalme alipewa nne, mke wa kabaila mkubwa tatu, na waliofuata wakapunguziwa kadiri ya cheo chao. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka kabati letu la sebuleni lenye glasi kumi na mbili ambazo hazijapata kunywewa maji. Hizo nazo tulizinunua kwa mkopo.

Lakini ukidhani kwamba mali ya matajiri hao ilikuwa mbao, umekosea. Mali ilikuwa nguo. Kitanda cha bwana kilithaminiwa kwa mapazia na matandiko yake, mabenchi yalitandikwa vitambaa, na kuta za mawe zilivikwa mazulia yaliyofumwa kwa picha. Karibu mwaka wa 1375 Louis wa Kwanza, Mtawala wa Anjou, aliagiza mazulia ya ukutani yanayosimulia Kitabu cha Ufunuo. Yaliyosalia, katika ngome ya Angers, yana urefu wa mita 100 hivi.

Nimesema yaliyosalia. Baada ya Mapinduzi ya mwaka wa 1789 mazulia hayo yalikatwakatwa. Vipande vingine vilifunikia michungwa isiuliwe na baridi, vingine vikatandikwa sakafuni, na vingine vikawekwa katika mazizi ya farasi. Ilikuwa hadi katikati ya karne ya 19 ndipo padri mmoja wa Angers, Joubert, aliposhughulika kuvikusanya na kuvishona upya.

Habari hiyo niliisoma usiku, nikiwa kitandani katika hosteli. Nilifunga kitabu, nikampigia dada simu. Kwetu ilikuwa saa sita za usiku imepita.

"Dada, lile sanduku la mama lipo?"

Kimya. "Uko Ulaya, na unaniamsha kuniuliza sanduku?"

"Lipo?"

"Kuku wamelalia na kuangua humo mara tatu. Kifuniko mzee alikifanya mlango wa banda." Akanyamaza kidogo. "Unalitakia nini, mdogo wangu? Si ulisema nyumba imejaa?"

Sikuwa na jibu. Nilimtakia usiku mwema, na usingizi ukanipaa.

Niliporudi nchini nilipanda basi hadi Bungoma. Mzee jirani hakutaka fedha. Alitaka kuku wake wawe na mahali pa kulala, nami niliona ana haki. Nikamlipia fundi amjengee banda jipya la mbao na waya, kisha nikaanza kusugua. Ilichukua siku mbili, sabuni ya kipande na ndoo za maji nisizozihesabu. Dada alikuja akasimama langoni, mikono kifuani, akanitazama nikisugua. Hakunisaidia. Hata hivyo, jioni alinipikia.

Nairobi nililipeleka sanduku kwa seremala mmoja wa Gikomba. Alilipindua, akapitisha kidole kwenye pembe, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mama, mzee huyu alikuwa fundi," akasema. "Tazama pembe zilivyoshikana, hakuna hata msumari. Lakini kwenye kifuniko alikosea."

Akanionyesha. Babu alichukua ubao mpana, akaupigilia misumari juu ya vipande viwili vilivyopita kinyume. Msimu wa mvua ubao hunyonya unyevu ukapanuka. Kiangazi hukauka ukajikunja. Misumari ikiushikilia, hauna pa kwenda, basi hupasuka. "Mbao hupumua," fundi akasema. "Ukizibana pumzi, zinapasuka."

Nikabaki nimeduwaa, kwa sababu jambo hilo ndilo lililowasumbua mafundi wa Ufaransa kwa miaka na miaka, na jibu lake ndilo lililobadili fanicha za Ulaya nzima. Katika karne ya 15 njia mpya ilikuwa imeenea. Fundi alitengeneza kwanza fremu ya vipande vinene, kila kimoja kikiwa na ulimi unaoingia katika tundu la mwenziwe na kufungwa kwa kigingi cha mti. Kwenye kingo za ndani za fremu alichimba mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji huo akauingiza ubao mwembamba bila gundi wala msumari. Ubao ukipanuka, una nafasi. Ukijikunja, hautoki. Sanduku likawa jepesi na lisilopasuka, na kwa njia hiyo hiyo mafundi wakaweza kutengeneza kabati, viti vyenye migongo na vitanda vikubwa. Tazama mlango wa mbao wa nyumba yenu wenye vidirisha vya ubao. Huenda ukakuta umeundwa hivyo hivyo.

Mafundi hao hapo kale walihesabiwa pamoja na maseremala wa kuezeka. Karibu mwaka wa 1268 liwali wa Paris, Étienne Boileau, aliandika kitabu cha kanuni za vyama vya mafundi wa mji, na kazi nyingi humo zilikatazwa kufanywa usiku, kwa kuwa mwanga wa mshumaa huficha makosa. Baadaye mafundi wa masanduku walijitenga wakaitwa menuisiers, watu wa kazi ndogo ndogo, na jina hilo ndilo la seremala wa Ufaransa hata sasa.

Ule ubao mwembamba ndani ya fremu ukawa uwanja wa mchongaji. Wengine walichonga matao yaliyochongoka kama madirisha ya makanisa, na kufikia karne ya 15 matao hayo yakawa yanapindapinda kama ndimi za moto. Wengine walichonga ubao ukaonekana kama kitambaa kilichokunjwa vizuri na kuning'inizwa. Nilipouona ubao wa namna hiyo nilimkumbuka mama na vitambaa vyake alivyofuma kwa mkono, akavitandaza juu ya kila kiti tulichokuwa nacho. Yule Mfaransa alichonga nguo katika mwaloni. Mama naye aliuvika mvule nguo. Naona wangeelewana.

Fundi wa Gikomba alinipa shauri la kutengeneza kifuniko kipya cha fremu, nami karibu nikubali. Halafu nikakumbuka lile sanduku la Paris lenye ufa wake, lisilofichwa wala kuonewa haya. Nikamwambia akiache kifuniko cha babu. Aliondoa misumari, akaacha ubao upumue, kisha akanituma Kamukunji, kule wanakotengenezewa wanafunzi masanduku ya bati ya kwendea shule za bweni. Fundi wa huko alinikatia mikanda miwili ya chuma ya kukamatia ufa. Nilipomwambia kwamba ndivyo walivyofanya Ufaransa miaka mia nane iliyopita, alinijibu kwamba bei haipungui kwa sababu hiyo.

Mume wangu alipoliona mlangoni aliuliza litakaa wapi. Tulipima sebule kwa futi, tukapima tena. Mwisho tuliuza kiti kimoja cha ile seti, na sanduku likakaa mahali pake. Watoto hufanyia kazi zao za shule juu yake. Wiki ya kwanza walilalamika kuwa linanuka kuku, na ni kweli lilikuwa linanuka.

Dada alikuja Disemba. Nilimwonyesha sofa akae, akapita akaenda kukalia sanduku. Alipapasa ile mikanda ya chuma kwa muda mrefu.

"Babu asingekipenda chuma hiki," akasema.

"Najua."

Akafungua mkoba wake, akatoa leso mbili za mama ambazo hatukuziona siku ya kugawana vitu. Alikuwa amezificha. Akafungua kifuniko, akazilaza ndani, akakifunga taratibu.

"Basi hizi zikae hapa," akasema. "Lakini ukilitoa tena, unipigie mimi kwanza."

Basi, ndugu msomaji, sikwambii uhifadhi kila kigae. Nyumba zetu ni ndogo na kodi ni kali. Ninachokuomba ni kimoja. Kabla hujatoa kitu cha wazee wako, kipindue utazame kilivyoundwa, kisha muulize aliye hai ni nani aliyekiunda na kwa nini. Mimi niliuliza wakati babu na mama hawapo wote wawili, na yaliyonijibu ni masanduku ya watu wengine.